Mchezo Kama Chombo cha Kufundishia Uhifadhi wa Maji: Nafasi ya Mazungumzo

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mchezo unavyoweza kutumiwa shuleni kuwafundisha wanafunzi matumizi na uhifadhi wa maji. Huenda msomaji akashangaa kuona suala hili likijadiliwa katika jarida la lugha, ilhali maji ni mada ya jiografia na sayansi. Mshangao huo una haki yake. Hata hivyo, tutajaribu kuonyesha kwamba kinachookoa mto au kisima kinachotumiwa na watu wengi si maarifa ya sayansi peke yake, bali ni maafikiano. Na maafikiano hayapatikani ila kwa mazungumzo. Mchezo uliopangwa vyema humwezesha mwanafunzi kuliona jambo hili kwa macho yake mwenyewe katika muda wa kipindi kimoja, bila ya kungoja mto ukauke.

Haja ya somo lenyewe haina shaka. Kenya huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye uhaba wa maji, kwa kuwa maji yake yanayopatikana upya kila mwaka, yakigawanywa kwa idadi ya wakazi wake, hayafikii mita za ujazo 1,000 kwa kila mtu. Na kiasi hicho ndicho wataalamu wengi wanachokitumia kuwa mpaka wa uhaba. Walimu wetu wanalijua hili, na vitabu vya shule vinalitaja. Linalotia wasiwasi ni namna ya kulifundisha.

Aghalabu somo la uhifadhi hufundishwa kwa kauli. Mwanafunzi huambiwa kwamba maji ni uhai, naye huandika katika insha yake kwamba maji ni uhai, akapewa alama zake. Wakati huo huo, nje ya darasa, bomba la shule linavuja. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku; na ikiwa matone 4,000 hivi hujaza lita moja, bomba hilo humwaga zaidi ya lita 20 mchana na usiku, yaani debe zima. Mwanafunzi aliyeandika insha ile hulipita bomba hilo bila ya kuligusa. Hatusemi kwamba ni mnafiki. Twasema tu kwamba kauli aliyofundishwa haikumdai lolote, wala haikumwonyesha ni nani anayelikosa debe lile.

Mchezo katika jadi yetu

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba kufundisha kwa mchezo si jambo geni katika jamii zetu. Kabla ya kuwapo kwa madarasa, watoto walijifunza hesabu, lugha na adabu ya kuishi na wenzao kwa michezo. Kitendawili ni mfano ulio wazi. Mmoja hutega, wengine hutegua, na anayeshindwa hana budi kumpa mtegaji mji ndipo aambiwe jibu. Katika mchezo huo mdogo mna kanuni, mna zamu, na mna gharama ya kushindwa. Pia mna jambo la nne ambalo ni rahisi kusahauliwa: mchezo wote huendeshwa kwa maneno. Bila ya kusema hakuna kutega wala kutegua.

Bao nalo lina mafunzo yake. Bao la Waswahili lina safu nne za mashimo manane, na huchezwa kwa kete 64. Kete hizo hutembea kutoka shimo hadi shimo. Hutekwa upande mmoja zikapandwa upande mwingine. Lakini mchezo unapokwisha zingali 64. Hakuna iliyozaliwa wala iliyokufa. Isitoshe, mchezaji ana shimo liitwalo nyumba, ambalo huweza kulimbikiza kete kwa ajili ya wakati wa haja, na mchezaji mwenye busara hafanyi haraka kuibomoa. Mwalimu wa jiografia atakayewaeleza wanafunzi jinsi maji yanavyozunguka kutoka bahari hadi mawingu na kurudi ardhini, au atakayeeleza kazi ya bwawa, anaweza kuanza na ubao huu wanaoufahamu.

Hata hivyo, bao ni mchezo wa wawili wanaoshindana, na lengo la kila mmoja ni kumfilisi mwenzake. Maji hayako hivyo. Wanaoshiriki kisima kimoja hawawezi kufilisiana bila ya kujifilisi wenyewe. Kwa hiyo twahitaji mchezo wa namna nyingine, ambamo mali inayochezewa ni ya wote. Tutaueleza mmoja ulio rahisi kabisa.

Mchezo wa kisima

Vifaa vyake ni bakuli, maharagwe na vikaratasi. Wachezaji ni wanne. Bakuli ni kisima, na mwanzoni mna punje 40. Katika kila duru, kila mchezaji huandika kwa siri idadi ya punje anazotaka kuteka, kuanzia 0 hadi 6. Punje 2 zatosha mahitaji ya nyumbani. Zinazozidi ni za kuuza. Mwalimu hukusanya vikaratasi, humpa kila mmoja punje alizoandika, kisha huongeza maji ya mvua: kwa kila punje 3 zilizobaki kisimani, huongeza 1. Kisima hakiwezi kupita punje 40, kwani kikijaa hufurika. Mchezo ni wa duru kumi. Katika awamu ya kwanza wachezaji hawaruhusiwi kusemezana.

Sasa na tufanye hesabu. Tuseme kila mchezaji anateka 2. Punje 8 zinatoka, 32 zinabaki, 10 zinaongezwa, na kisima kinajaa tena. Baada ya duru kumi kila mmoja ana punje 20, na kisima kingali na 40.

Tuseme kila mmoja anateka 3, yaani anazidisha punje moja tu. Baada ya duru ya kwanza kisima kina punje 37, baada ya pili 33, kisha 28, kisha 21, kisha 12. Na katika duru ya sita kinakauka. Kila mmoja amepata 18, na duru nne zilizobaki ni za kiu. Tena, katika duru za kwanza hakuna dalili ya hatari inayotisha. Kushuka kutoka 40 hadi 37 hakumshtui mtu. Ndivyo visima vya kweli vinavyokauka.

Tuseme hatimaye kila mmoja ana pupa na anateka 6. Duru ya kwanza inaacha 16, mvua inaongeza 5, na katika duru ya pili punje 21 zilizomo hazitoshi hata kugawanywa. Kila mmoja ameambulia kama punje 11, na mchezo umekwisha kabla haujachezwa.

Lakini hesabu iliyo na uzito kuliko zote ni ya nne. Tuseme wachezaji watatu ni watu wa kiasi, kila mmoja anateka 2, naye wa nne anateka 6. Jumla ni 12, sawa kabisa na kama wote wangeteka 3. Kwa hiyo kisima kinakauka katika duru ile ile ya sita. Watatu wale wamepata punje 12 kila mmoja, na mwenye pupa amepata 36. Maji waliyoyahifadhi hayakukihifadhi kisima. Yaliishia katika mtungi wa mwenzao.

Hapa ndipo udhaifu wa mafundisho ya kauli unapodhihirika. Tunapomwambia mwanafunzi mmoja mmoja, “Hifadhi maji,” tunamfanya awe mmoja wa wale watatu. Akiwa mwerevu ataona kwamba kiasi chake kinamfaidi mwenye pupa, na huenda duru ijayo naye akaandika 6. Hatuwezi kumlaumu. Wema wa mtu peke yake ni jambo zuri, lakini mali ya wengi hailindwi nao tu.

Awamu ya pili ya mchezo huanza upya na punje 40, ila sasa wachezaji wanaruhusiwa kuzungumza dakika tano kabla ya kuanza na dakika moja baada ya kila duru. Hakuna kanuni nyingine inayobadilika. Wapewe uhuru wa kuafikiana lolote: kipimo cha kila mtu, faini ya anayekiuka, kuweka vikaratasi hadharani, au kutoafikiana kabisa. Mwalimu asiwaelekeze. Baadaye matokeo ya awamu mbili yaandikwe ubaoni, na wanafunzi waulizwe tofauti imetoka wapi.

Mabishano ya wataalamu

Suala hili limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani, Garrett Hardin, alichapisha makala mashuhuri aliyodai ndani yake kwamba malisho yanayotumiwa na wote hayana budi kuangamia, kwa kuwa kila mfugaji hufaidika peke yake anapoongeza ng'ombe, ilhali hasara hugawanywa kwa wote. Kwa maoni yake, njia za wokovu zilikuwa mali hiyo kumilikiwa na watu binafsi au kusimamiwa kwa mamlaka yenye nguvu. Hesabu yetu ya nne yaelekea kumuunga mkono.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana, hakuridhika na jibu hilo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alichunguza jamii zilizokuwa zikitumia kwa pamoja malisho, misitu, samaki na mifereji ya kumwagilia mashamba, baadhi yao kwa mamia ya miaka, bila ya kuviangamiza. Aliona kwamba jamii zilizofaulu zilikuwa na mambo kadhaa yanayofanana: mipaka inayojulikana, kanuni zinazolingana na mazingira ya mahali, watumiaji wenyewe kushiriki katika kuzitunga, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji, adhabu inayoanza kwa wepesi ikaongezeka, na mahali pa karibu pa kusuluhishia ugomvi. Mwaka 2009 alitunukiwa Nobeli ya uchumi, akawa mwanamke wa kwanza kuipata.

Pamoja na Roy Gardner na James Walker, Ostrom alifanya pia majaribio ambayo kwa hakika ni michezo. Wachezaji walipewa mali ya pamoja ya kuvuna. Walipozuiwa wasizungumze, walivuna kupita kiasi. Waliporuhusiwa kukutana ana kwa ana na kuzungumza tena na tena, mavuno yao yalipanda sana, ijapokuwa hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha kutimiza ahadi zao. Kwa mwalimu wa lugha, matokeo haya yana maana kubwa. Neno, ambalo wengi hulidhania kuwa upepo mtupu, limeonekana kuwa na nguvu ya kubadili kiasi cha maji kinachobaki kisimani.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta ushahidi. Katika bonde la Kerio, Wamarakwet wamekuwa wakiteremsha maji kutoka milimani kwa mifereji mirefu iliyojengwa na wahenga wao, na koo zinazoimiliki zimekuwa na utaratibu wa kuigawa kwa zamu na kuitengeneza kwa pamoja. Wachagga wa Kilimanjaro nao wana mifereji yao ya kale. Hapana ukoo wowote uliofanya kazi hiyo bila ya baraza.

Gololi za Mto Ruaha Mkuu

Kisima kina sifa moja inayorahisisha mambo: wachezaji wote wamekizunguka, nao wako sawa. Mto hauko hivyo. Mto una juu na chini. Aliye juu huchota kwanza, na aliye chini hupata masalio. Ili kuifundisha hali hii, upo mchezo ulioanzia hapa kwetu Afrika ya Mashariki ambao unastahili kujulikana zaidi na walimu.

Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania hukusanya maji ya vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za kusini, hupita katika tambarare ya Usangu penye mashamba ya mpunga, huingia katika kinamasi cha Ihefu, hukata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha hufika kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme, na mwisho hujiunga na Rufiji. Hapo awali mto huo kwa kawaida ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993, wakati wa kiangazi, ulikoma kutiririka ndani ya hifadhi, na hali hiyo ikajirudia katika miaka iliyofuata. Viboko walisongamana katika madimbwi yaliyobaki. Lawama zikaanza: wakulima waliwalaumu wafugaji, wafugaji waliwalaumu wakulima, na wote wawili walilaumiwa na wahifadhi na watu wa umeme. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji waondolewe Usangu pamoja na mifugo yao. Basi anayedhani kwamba mjadala wa maji ni mjadala wa mabomba na vipimo tu, na awakumbuke watu waliofunga virago na kuhama na ng'ombe wao.

Katika miaka hiyo ya mwanzoni mwa karne hii, mtaalamu wa umwagiliaji Bruce Lankford, aliyekuwa akifanya utafiti huko Usangu, alibuni mchezo wa bonde la mto. Chombo chake ni ubao mkubwa wa mti ulioinamishwa, wenye mto uliochongwa katikati kutoka juu hadi chini. Gololi za kioo ndizo maji. Kandokando ya mto kuna mifereji inayoelekea kwenye mashamba, na kila shamba ni vishimo vya kupokelea gololi. Wachezaji hutega vijiti mtoni kuwa mabanio, gololi humwagwa kutoka juu, na kila mmoja hujitahidi kuzinasa nyingi awezavyo. Walioucheza hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa wakulima na watumiaji wengine wa mto huo huo.

Utaratibu wake ulikuwa hivi: kwanza kila mmoja hujichezea nafsi yake, kisha hucheza kwa faida ya jamii nzima, halafu wote huketi wakazungumzia maji yao ya kweli. Faida ya ubao huo ni kwamba uliwawezesha watu waliotenganishwa na kilomita nyingi kuuona mto wao wote kwa mara moja. Mkulima wa juu, ambaye hajawahi kufika mkiani mwa mto, aliviona kwa macho yake vishimo vitupu vya mwenzake wa chini.

Mto katika uwanja wa shule

Si kila shule itaweza kuchonga ubao wa namna hiyo, na si lazima. Mchezo unaofanana nao waweza kuchezwa uwanjani kwa gololi, kokoto au mbegu. Chora mto kwa chokaa. Weka mashamba matano kandokando yake, kutoka juu hadi chini, na mwisho wa mto weka bakuli ambalo ni la wasioweza kusema: samaki, wanyama wa mbuga, na miji ya mbali inayongoja maji na umeme. Kila shamba lina vishimo 6. Likipata gololi 4, mavuno yanaokoka. Mbili zinazobaki huongeza faida. Likipata pungufu ya 4, mazao yanakufa, na gololi zilizoingia zimepotea.

Mwaka wa mvua njema mto una gololi 24. Kila mwenye shamba akijaza vishimo vyake vyote, wanne wa juu wanazimaliza, wa tano analala njaa, na bakuli la mwisho ni kavu. Kila mmoja akitosheka na 4, mashamba yote matano yanaokoka na gololi 4 zinafika mwisho wa mto. Hili wanafunzi wataling'amua upesi.

Mwaka wa ukame mto una gololi 15. Hapa mambo huwa magumu. Wawili wa juu wakijaza vishimo vyao wamechukua 12. Wa tatu anapata 3, zisizotosha kuyaokoa mazao yake. Na wawili wa chini hawapati kitu. Hata wakiwa na moyo wa kugawana sawasawa, kila mmoja atapata gololi 3, na mashamba yote matano yatakufa! Usawa wa hesabu peke yake hauokoi hata shamba moja. Wakiafikiana walime watatu tu, mashamba matatu yataokoka na gololi 3 zitafika mwisho wa mto. Lakini ni nani atakayeacha kulima? Na atakula nini? Je, walimao watamgawia mavuno, au mwaka ujao itakuwa zamu yake? Hapo ndipo mwalimu atakaposikia mjadala wenye maana, na hapo ndipo atakapojizuia asiwape jibu.

Mchezo huu uchezwe mara tatu. Mara ya kwanza, kila mtu na mahali pake. Mara ya pili, wa juu wahamie chini na wa chini wapande juu. Mara ya tatu, wachezaji wote watunge kanuni zao kabla ya kujua wataketi wapi, ndipo wapige kura ya mahali. Anayejua kwamba huenda akaangukia mkiani hupima maneno yake anapotunga sheria ya mto.

Mwalimu wa Kenya hatakosa mto wa kuulinganisha na mchezo huu. Ewaso Ng'iro ya Kaskazini hupokea maji ya Mlima Kenya na ya safu ya Nyandarua, hupita katika mashamba ya Laikipia, kisha huwafikia wafugaji na wanyamapori wa Samburu na Isiolo kabla ya kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Katika miaka ya ukame sehemu zake za chini hukauka. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliyapa nafasi mashirika ya watumiaji wa maji ili watu wa juu na wa chini wakutane na kuafikiana, na Sheria ya mwaka 2016 ikaendelea kuyatambua. Mwanafunzi aliyecheza mchezo wa mto ataielewa kazi ya mashirika hayo kuliko yule aliyekariri jina lake.

Lugha ya mchezo

Baada ya mchezo huja sehemu ambayo kwetu ni kiini cha somo, nayo ni mazungumzo na maandishi. Mwalimu aandike ubaoni maneno ambayo wanafunzi wenyewe waliyatumia walipokuwa wakibishana. Aghalabu atayapata maneno kama zamu, kipimo, mgawo, haki, deni, faini, dhamana, ahadi, choyo na kinyongo. Hayo ni msamiati wa uhifadhi wa maji, hata kama hayapatikani katika orodha ya istilahi za mazingira.

Kadhalika, mchezo utafichua maneno yanayohitaji kupatanwa maana. Mkenya anaposema mfereji huenda akawa na maana ya bomba la maji nyumbani. Mkulima wa Usangu ana maana ya njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, na jaruba, yaani kitalu cha mpunga kilichozungushiwa tuta, ni maneno ambayo wanafunzi wengi wa mjini hawajayasikia, ingawa ni Kiswahili safi cha watu wafanyao kazi hiyo. Kila mwanafunzi aulizwe pia neno la lugha ya kwao kwa mambo hayo. Lugha nyingi za nchi yetu zina maneno ya kugawana maji yaliyopimwa na vizazi, na yafaa kuyakusanya kabla wanaoyajua hawajaondoka.

Kazi ya kuandika ifuate. Badala ya insha ya “Umuhimu wa Maji”, mwanafunzi wa shamba la kwanza aandike barua kwa mwenye shamba la tano, naye ajibiwe. Kundi zima liandike sheria za mto wao katika vifungu visivyozidi sita, kisha kundi jingine lizisome na kutafuta upenyo wa kuzikwepa. Kwa zoezi hili watajifunza tofauti ya “aweza” na “sharti”, na ya “kila mtu” na “mtu yeyote”, kwa namna ambayo hakuna kitabu cha sarufi kitakachowafundisha vizuri zaidi.

Tahadhari

Hapana budi tutaje mambo machache ya kuangaliwa. Kwanza, mchezo usiwe wa kumtukuza mshindi mmoja. Mwalimu akimpigia makofi aliyelimbikiza punje nyingi, ametengua somo lake mwenyewe. Kinachohesabiwa ni jumla ya kundi pamoja na kilichobaki kisimani.

Pili, mwalimu asiutumie mchezo kuwahubiria wasiohitaji mahubiri. Msichana anayeamka alfajiri kwenda mtoni na kurejea na mtungi kichwani kabla ya kuja shule ameijua thamani ya kila kata ya maji kabla mwalimu wake hajaifikiria. Mtoto huyo awe shahidi darasani, aulizwe jinsi maji ya kwao yanavyogawanywa jikoni, kufuani na bandani, na wengine wamsikilize.

Tatu, mchezo ni kivuli cha mambo, si mambo yenyewe. Uwanjani wachezaji wana nguvu sawa. Mtoni mmoja ana jembe, mwingine ana pampu, na wa tatu ana wakili. Wanafunzi wakubwa waelezwe hivyo waziwazi, na ikiwezekana mchezo uongezwe mchezaji mwenye haki ya kuteka mara mbili, ili waone jinsi maafikiano yanavyokuwa magumu. Hata hivyo wasiachwe waamini kwamba aliye juu ya mto ni mtu mbaya. Mara nyingi hajui tu, kwa kuwa mto haurudi nyuma kumpa habari.

Nne, pale penye shida ya maji, mchezo usichezwe kwa maji. Tumia maharagwe, na baadaye uyarudishe jikoni.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mchezo hufundisha uhifadhi wa maji si kwa sababu unafurahisha, ingawa kufurahisha hakumdhuru mtu, bali kwa sababu humweka mwanafunzi mahali ambapo uamuzi wake unamgusa mwenzake, na wa mwenzake unamgusa yeye. Hesabu ya kisima imetuonyesha kwamba kiasi cha mtu mmoja mmoja hakitoshi. Gololi za ukame zimetuonyesha kwamba hata kugawana sawasawa huenda kusitoshe. Kinachobaki ni kuketi na kusemezana mpaka ipatikane kanuni ambayo aliye juu na aliye chini wote wanaweza kuishi nayo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba walimu wa lugha wasiliache somo hili mikononi mwa wenzao wa jiografia na sayansi peke yao. Vyuo vya ualimu vingefanya vyema kuwazoesha wanafunzi wao kuongoza michezo ya namna hii kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali walipo, na idara zetu za lugha zingefanya vyema kukusanya msamiati wa maji kutoka kwa wazee wa mifereji. Wanafunzi wanaobishana leo juu ya gololi 15 ndio watakaoketi kesho katika mikutano ya mito ya kweli, na mito hiyo haianzi upya duru inapokwisha.